Nikifika Kagunga habari zinakatika: nifanyeje na programu ya milisho?

Swali: "Mwanangu fundi, mimi nauza dagaa hapa mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Mjukuu wangu alipokuja likizo aliniwekea kwenye simu programu inaitwa Feeder, akasema bibi, habari zote zitakuja zenyewe, hutahangaika tena kufungua tovuti moja moja. Kweli zinakuja. Lakini nikiwa safarini Kagunga nafungua, nakuta kichwa cha habari na mistari miwili. Nikibonyeza nisome yote, naambiwa hakuna mtandao. Bando nililokuwa namaliza nalo mwezi sasa halifiki wiki mbili. Na kuna namba pembeni, juzi ilikuwa 1,412, eti habari ambazo sijasoma. Mimi ninachotaka hasa ni habari za ziwa, wakifunga uvuvi nijue mapema, halafu bei, na siasa kidogo. Nifanyeje, au niifute?"

Jibu: Shikamoo mama. Usiifute. Mjukuu wako hakukosea kukuwekea, ila amekuwekea kama mtu anayeshinda kwenye waifai ya chuo. Wewe una siku mtandao upo umejaa, na siku upo juu ya boti kati ya Gombe na Kagunga unatafuta mnara kama unatafuta kivuli. Programu ile ile inakufaa, lakini kwa mpango mwingine.

Nianze na ile mistari miwili, maana ndiyo inayokukera zaidi, na ukiielewa hiyo mengine yanafunguka.

Tovuti ya habari huwa na ukurasa wake wa kawaida, ule wenye picha na matangazo yanayorukaruka. Pembeni yake, tovuti nyingi huweka pia karatasi nyembamba isiyoonekana: orodha ya habari mpya tu, kila moja na kichwa chake, tarehe yake, anwani ya ukurasa wake na maneno machache ya kuonja. Karatasi hiyo ndiyo mlisho. Mtindo wenyewe unaitwa RSS, ulianza mwaka 1999 kwenye kampuni ya Netscape ya Marekani, na bado unafanya kazi kila siku. Hata vipindi vya sauti ambavyo vijana wanasikiliza kwenye simu husafiri kwa njia hiyo hiyo. Programu yako ni kijana unayemtuma alfajiri mwaloni, apite mtumbwi mmoja baada ya mwingine akiuliza, "Kuna kipya?" Anarudi na jibu. Akikwambia mtumbwi wa tatu una dagaa na wa tano una migebuka, hajabeba samaki. Umemtuma kuuliza, hukumtuma kubeba.

Basi ile mistari miwili ndiyo jibu alilorudi nalo. Wenye tovuti wengine huandika habari nzima ndani ya mlisho, hasa blogu ndogo. Wakubwa wengi hawafanyi hivyo. BBC, kwa mfano, kwenye mlisho wao hutoa kichwa na muhtasari, kisha wanakutaka uende kwao ukasome. Magazeti yanayoishi kwa matangazo nayo yana sababu yao: tangazo liko kwenye ukurasa wao, haliko kwenye simu yako. Siwalaumu. Lakini mtu aliye Kagunga hana pa kwenda.

Dawa ipo ndani ya hiyo hiyo Feeder. Fungua chanzo kimoja, tuseme cha BBC Swahili, peke yake. Juu kulia kuna vidoti vitatu. Bonyeza, chagua kuhariri chanzo hicho, kisha shuka chini. Utakuta swichi inayoiambia programu ivute habari nzima kila inapopita, isiishie kwenye muhtasari. Iwashe. Fanya hivyo kwa kila chanzo unachotaka kukisoma ukiwa majini, maana swichi hiyo ni ya chanzo kimoja kimoja. Kuanzia hapo, kijana akikuta habari mpya ataingia hadi kwenye ukurasa wenyewe, atachukua maandishi, ataacha matangazo na mapambo, na kukuwekea ndani ya simu.

Haifanikiwi kila mahali, na usikubali kuligundua hilo ukiwa katikati ya ziwa. Tovuti zinazosomwa kwa kulipia hazitatoa maandishi. Nyingine zimejengwa hivi kwamba maandishi hutokea tu ukurasa ukifunguka kikamilifu kwenye kivinjari; kijana akifika anakuta fremu tupu, anakuletea fremu tupu. Kwa hiyo fanya jaribio hili nyumbani, ukiwa umekaa na chai yako. Washa data, fungua programu, vuta kioo kwa kidole kutoka juu kwenda chini mpaka kile kiduara kianze kuzunguka. Kikisimama usikimbie, subiri dakika mbili tatu zaidi, kwa sababu vichwa hufika kwanza na habari nzima hufuata nyuma. Kisha weka simu kwenye hali ya ndege. Sasa fungua habari tatu za kila chanzo. Zinazofunguka hadi aya ya mwisho, hizo ni zako hata Kagunga. Chanzo kinachokupa ukurasa mtupu au sentensi iliyokatika, kihesabu ni cha kusoma mjini tu, au kiondoe. Mteja mmoja alikuja hapa Mwanga, Kigoma, akidai simu yake mbovu. Tulipofanya jaribio hili, vyanzo saba kati ya kumi na moja vilifunguka vizuri. Simu ilikuwa nzima.

Tuje kwenye bando. Hapa nitakupigia hesabu, kwa sababu wewe ni mtu wa hesabu na utaiona mara moja. Mlisho mmoja wenye vichwa ishirini au thelathini mara nyingi ni makumi ya kilobaiti, tuchukue 50. Kwa namba hiyo ya 1,412, nakisia mjukuu amekuwekea vyanzo vingi, tuseme 40. Mzunguko mmoja ni 50 mara 40, yaani kilobaiti 2,000, karibu MB 2. Ni kidogo, hata hazionekani. Lakini ukiiacha programu izunguke kila saa moja, ni mara 24 kwa siku: MB 48. Kwa siku 30 ni MB 1,440, karibu GB moja na nusu, na bado hujasoma hata herufi, wala hatujahesabu picha. Kwa haki ya programu niseme hivi: tovuti zilizotengenezwa vizuri zinajua kujibu, "Hakuna kipya tangu ulipopita," na jibu hilo ni dogo sana, kwa hiyo hesabu halisi inaweza kuwa chini ya hapo. Ila zipo zisizojua, zinazokupakulia orodha yote upya kila ukigonga mlango. Huwezi kuzifunza adabu wewe.

Unachoweza ni kupunguza milango na kupunguza safari. Chukua vyanzo 9 badala ya 40, mara 2 kwa siku badala ya 24. Ni 50 mara 9 mara 2: kilobaiti 900. Haifiki hata MB moja kwa siku, mwezi mzima ni MB 27. Ongeza habari nzima, tuseme 30 kwa siku, kila moja ikila kilobaiti 200 kwa kuwa lazima ukurasa uchukuliwe kwanza ndipo maandishi yachambuliwe: ni MB 6. Kwa mwezi MB 180. Jumlisha, ni MB 207. Yaani unasoma habari nzima, hadi mwisho, kwa gharama ya chini kuliko ulivyokuwa unalipia mistari miwili. Video moja ya harusi kwenye kundi la ukoo inaweza kula zaidi ya siku nzima ya habari zako.

Picha ndizo zenye njaa. Nenda kwenye mipangilio ya programu, tafuta sehemu ya picha, chagua zipakuliwe kwenye waifai tu, na zile picha ndogo za kwenye orodha zizime kabisa. Utakosa sura za mawaziri. Utaishi.

Hapo hapo kwenye mipangilio kuna muda wa kuvuta habari. Wengi watakushauri uchague kila baada ya saa sita au kila baada ya saa kumi na mbili. Mimi nakushauri uchague ile ya kuvuta kwa mkono, isizunguke yenyewe kabisa, na nina sababu mbili. Ya kwanza ni hilo bando. Ya pili: simu nyingi tunazouziwa huku zimepangwa kulinda chaji kwa nguvu, programu usiyoifungua muda mrefu zinailaza usingizi. Unaamini habari zimevutwa usiku, kumbe kijana alilala fofofo na wewe. Unaweza kwenda kwenye mipangilio ya betri ukairuhusu ifanye kazi bila kuzuiwa, watu wengine wanafanya hivyo na inasaidia. Lakini wewe una saa zako zinazojulikana. Vuta kioo asubuhi ukiwa nyumbani, kisha vuta tena Kibirizi mzigo ukipakiwa, kabla boti haijaondoka. Wakati unabishana na wapagazi, simu iko inachota. Ukishaona kiduara kimesimama na dakika zako tatu zimepita, zima data. Safari yote ya kwenda juu una cha kusoma.

Vyanzo 9 ni vipi? Hapo siwezi kukuchagulia vyote, ila nitakwambia ningefanyaje. Ningechukua BBC Swahili na DW Kiswahili kwa habari za nje na za majirani zetu, maana kinachotokea Burundi na Kongo kwako si habari za mbali, ni wateja. Ningechukua gazeti moja la kitaifa, moja tu, kwa sababu magazeti matatu yatakuletea hotuba ile ile ya waziri mara tatu. Ningetafuta blogu moja au mbili zinazoandika kuhusu Kigoma. Kuongeza chanzo ni kuandika anwani ya tovuti kwenye sehemu ya kuongeza. Programu itautafuta mlisho yenyewe, maana kurasa nyingi zina mstari uliofichwa unaosema mlisho uko wapi. Ikishindwa, jaribu kuongeza mkwaju (/) na neno feed mwishoni mwa anwani. Tovuti zilizojengwa kwa WordPress, na hapa nchini ni nyingi, zitaitika. Blogu zinazoishia na blogspot.com huitika ukiongeza /feeds/posts/default. Zisipoitika kabisa, tovuti hiyo haina mlisho, na usishangae ukikuta ofisi ya umma yenye jengo la ghorofa iko kwenye kundi hilo.

Kazi hii ya kupunguza na kuongeza usiifanye siku ya soko. Ifanye mbalamwezi ikiwa kubwa, wavuvi wa dagaa hawatoki, chanja ziko tupu na wewe una nafasi. Pita chanzo kimoja kimoja ujiulize lini mara ya mwisho ulisoma kitu chake hadi mwisho. Kama hukumbuki, kitoe. Hakina hisia.

Sasa ile namba, 1,412. Mama, hilo si deni. Nimeona watu wazima wanafungua habari moja moja bila kusoma, wanabonyeza na kurudi, ili namba ishuke, kama mtu anayelipa marejesho ya kikundi. Wewe mwaloni hukai kuhesabu dagaa waliopita ambao hukuwanunua. Kwenye vidoti vile vile kuna amri ya kuhesabu zote zimesomwa. Bonyeza, zitakuwa sifuri, wala hakuna aliyedhurika. Mimi naibonyeza kila Ijumaa jioni. Habari uliyoipenda na unataka kuirudia, iwekee alama ya kuhifadhi kabla hujafanya hivyo.

Nimeacha ziwa kwa makusudi, kwa sababu ndilo swali lako lenyewe.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, miezi mitatu, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ili samaki wapate kuzaliana. Wewe unaikumbuka kwa bei, mimi naikumbuka kwa wateja waliokuja kuniuzia simu zao. Habari ya aina hiyo haianzi na neno "kufunga". Huanza na kikao cha mawaziri, huko Bujumbura au Lusaka au kwetu, na kichwa cha habari huwa kitu kama rasilimali za ziwa. Ukitegemea gazeti moja utaipita bila kuiona, imelala kati ya mpira na ajali.

Kwa hilo kuna ufundi mmoja ninaoupenda. Google wana huduma inaitwa Google Alerts. Fungua kwa kivinjari cha simu ukiwa umeingia na akaunti yako ya Gmail, andika maneno ndani ya alama za kunukuu, "Ziwa Tanganyika", kisha fungua chaguo za chini. Kwenye lugha weka lugha yoyote. Kwenye sehemu ya kupelekewa, badala ya barua pepe, chagua mlisho wa RSS. Itatokea alama ya mlisho. Anwani yake inakili, iongeze kwenye Feeder kama chanzo cha kumi. Tengeneza na ya pili ya "Lake Tanganyika", kwa kuwa Zambia wanaandika Kiingereza na mara nyingine wao ndio hutangulia. Mjukuu anaweza kukufanyia hii kwa dakika kumi. Kuanzia hapo, Google ikikutana na ukurasa mpya wenye maneno hayo, kichwa chake kinakujia. Hizi zisome ukiwa na mtandao, usizitegemee safarini.

Utaletewa na takataka. Utapata habari za watalii wa Gombe, za meli ya Liemba ambayo waandishi wa Ulaya hawachoki kuisimulia tangu izamishwe mwaka 1916 na kuibuliwa tena, na mara nyingine uvumi mtupu ambao mtu kaunakili kutoka kundini. Mlisho hauchuji uongo. Unaleta kilichoandikwa, basi. Kwa hiyo ukiona "ziwa kufungwa", usiuze mzigo kwa hofu siku hiyo hiyo. Mfuate mwenyekiti wa BMU, kile kikundi kinachosimamia uvuvi kwenye mwalo wenu, muulize kama barua imefika. Na nikuambie ukweli ambao fundi simu hapaswi kuusema: kwa tarehe kamili ya kufunga, BMU inaweza kujua kabla ya programu yoyote. Faida ya simu ni ile miezi ya kabla, vikao vinapoanza kutajwa, ukaanza kuweka akiba ya magunia wakati wenzako bado wanauza yote.

Bei ni habari mbaya, mama. Sijaona mlisho wa bei za dagaa wa Kigoma unaoaminika. Endelea kumpigia dalali wako.

Jambo dogo ambalo hukuliuliza. Feeder ina kitufe cha kusomewa habari kwa sauti, na huduma ya sauti ya Google kwenye simu za Android ina Kiswahili. Sauti ya Kiswahili ipakue mara moja kwenye mipangilio ya simu ukiwa na mtandao. Matamshi yake ni makavu kama dagaa wa juzi, na "Kibirizi" sijui ataitamkaje, lakini ukiwa unageuza mzigo juani na mikono imejaa magamba, huhitaji kushika kioo. Maandishi yakikusumbua macho, yaongeze ukubwa kwenye mipangilio ya kusomea.

La mwisho, na hili nalisema kwa uchungu. Miaka kadhaa nyuma simu yangu iliteleza mfukoni nikishuka boti Ujiji. Maji yenyewe yalikuwa ya magotini, lakini ilishakufa. Simu nilinunua nyingine. Vyanzo vyangu, zaidi ya sitini nilivyovikusanya kwa miaka, vilikuwa ndani ya ile simu tu, na nusu yake mpaka leo sijakumbuka vilikuwa vipi. Aibu zaidi ni kwamba nilishaonywa na historia: Google Reader, ambayo mamilioni ya watu duniani waliitumia kusomea milisho, ilifungwa tarehe 1 Julai 2013. Waliokuwa wametoa orodha yao kwenye faili walihamia kwingine siku hiyo hiyo, na faili hilo hilo lingeniokoa mimi.

Ukimaliza kupanga vyanzo vyako, rudi kwenye vidoti vitatu, tafuta sehemu ya kutoa vyanzo nje. Itakupa faili dogo linaloishia na opml, jepesi kuliko picha moja. Mtumie mjukuu kwa WhatsApp, umwambie asilifute hata akibadilisha simu. Na Kagunga ukifika, niandikie ni chanzo kipi kimegoma kufunguka.